Mama Alisema Ameshiba

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia tumboni mwa mama. Mlango ni kitovu. Nilivua ndala kwanza, adabu ni adabu.

Mama yangu, Bi Tausi, anaumwa na chakula hakitaki kabisa. Daktari kasema asipokula, dawa peke yake haitamwokoa. Kwa hiyo nimekwenda kuulizia.

Pale utumbo unapoanzia kuna kibanda cha mlinzi. Ndani kajaa bwana mnene.

"Mimi Shibe," anasema. "Homoni. Kazi yangu kuupelekea ubongo habari kwamba inatosha, mdomo ufungwe."

"Inatosha nini? Humu hakuna hata tonge!"

"Mwenyewe kasema, dogo. 'Mimi nimeshiba, kuleni wanangu.' Kila mlo, tangu mko wadogo. Mimi nani nimbishie mwenye tumbo?"

Namweleza kwamba ile haikuwa taarifa, ile ni lugha ya mama. Anajibu kwamba utumbo haujasoma fasihi.

Mara kibanda kimekuwa jiko letu la zamani. Chini ya meza kajikunyata mzee mwembamba kama njiti ya kiberiti. Naye ni homoni, jina lake Njaa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyekuwa unakwangua ukoko wote?"

"Ndiye."

"Ule ulikuwa wa mama yako. Mimi nanguruma, yeye anakaza kanga tumboni msinisikie. Mwishowe nikanyamaza."

Mimi, ninayechekesha watu hadi msibani, napiga magoti mbele ya meza.

"Rudi kazini, mzee wangu. Anakufa huyu."

"Sauti imekwisha. Nipe ya kwako."

Nampa. Inatoka tumboni mwangu kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba, huku inalia.

Nikaamka. Dada yangu Shukuru alikuwa anachoma vitumbua, harufu imejaa nyumba nzima, nami sikuhisi chochote. Ni kama ananichomea matofali.

Nikaenda chumbani kwa mama. Alikuwa ameketi kitandani, anashangaa. Tumbo lake likanguruma, na ule mngurumo ulikuwa wangu. Nilipokuwa shule, darasa zima lilikuwa linaujua.

Shukuru akaniletea sahani. Nikaisogeza mbele ya mama.

"Na wewe je?"

"Kula tu, mama."

"Usinidanganye. Mchezo huo mimi ndiye mwenyewe."

Machozi yakamtoka. Lakini sahani hakuirudisha.