Radhia binti Sijaona

Kaka yangu Shamte ana kichwa kigumu, na tangu biashara zifunguliwe kwa watu binafsi kimezidi. Mwaka 1993 alipata tajiri wa kujenga ghala kwenye shamba letu la Mwankoko. Ila katikati ya shamba lile lipo kaburi la Babu Sijaona, baba wa Bibi Radhia, bibi yake mama. Tuliambiwa alikuja na misafara ya pwani, na kila Shaaban tulimsomea hitima.

"Nitalihamisha," akasema Shamte.

Mama akamshika mkono. "Usiliguse, mwanangu. Niliapishwa na bibi."

Mimi nikamvaa: babu wa watu unataka kumfukua kama kiazi? Akanijibu nithibitishe kwanza kwamba yumo. Haya! Nikahangaika na makaratasi ya sensa ya Mwingereza, nikapata "Radhia binti Sijaona", basi. Nikamburuta Shamte hadi Ikungi kwa Maalim Idrissa, anayetunza daftari la ndoa za zamani, lile la herufi za Kiarabu. Tukamwamkia, akatafuta ndoa ya bibi. Akasoma, akasoma tena.

"Aliozeshwa na kadhi," akasema. "Hakuwa na wali, mwanamume wa ukoo wa kumwozesha. Na hili si jina, wanangu. Kadhi kamuuliza baba yako nani, naye kajibu: sijaona. Yaani hakuwahi kumwona."

Shamte akacheka hadi akashika tumbo. "Ala! Kumbe miaka yote tunalisomea shimo tupu!"

Kesho yake akapeleka wachimbaji. Nilimsihi, nikamtukana, wapi! Mama alikaa chini pembeni, kajifunika kanga usoni.

Jembe likagonga chuma. Ilikuwa pingu, nzito, bado imeuzunguka mfupa wa mguu. Kisha zikatoka shanga nyekundu za kiunoni. Wachimbaji wakarudi nyuma. Shamte hakucheka tena, na mimi nikainama kuziangalia zile shanga.

"Mama," nikasema, "huyu ni mwanamke."

"Ni mama yake Bibi Radhia. Aliletwa na msafara wa watumwa, akamzaa hapa hapa, akafia hapa na chuma chake."

"Na huyo baba ambaye bibi hakumwona?"

Mama akateremsha kanga. "Alimwona, Anifa. Alimwona kila siku. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa hiyo pingu."