Duka la Jethalal

"Duka hii ni ya baba," akasema Bwana Chunilal, na wakili Inderjit akaweka kalamu chini kwa mara ya pili.

Mwaka huo wa hamsini na sita nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Chunilal, Mtaa wa Bazaar. Wakili alitaka shahidi wa wasia wa mzee, mtu aliyekaa pale miaka mingi, basi nikaitwa ndani, futi ingali shingoni, nao wakaongea Kiswahili ili nami nisikie. Heri wangeongea lugha yao!

"Mzee, sikia," wakili akasema. "Kwa sheria yetu sisi Wahindi, mali ikitoka kwa baba, vijana wako wako na sehemu ndani tangu wazaliwe. Huwezi kumpa Ramila. Lakini kama umetafuta mwenyewe, unampa yule unataka."

Ramila alikuwa binti yake. Alifiwa na mume hina haijatoka mikononi, wakwe wakamrudisha, na tangu hapo yeye ndiye aliyeliendesha duka, akinunua, akiuza, akigombana na wateja wakorofi. Kaka zake wawili walikuwa na maduka yao Kampala. Walishasema waziwazi: mzee akifumba macho, duka litauzwa, na dada apelekwe Bara Hindi akakae kwa shangazi asiyemjua hata sura. Mtu aliyezaliwa hapa hapa mjini, Ngara, jamani! Iliniuma kama vile ni dada yangu wa tumbo moja.

Basi mzee si aseme tu ni lake? Jethalal, babake, aliumia mgongo kwenye kazi ya reli akalala kitandani mpaka akafa, hakuacha hata sufuria. Chunilal ndiye aliyebeba vitambaa begani hadi soko la Dagoretti, kwa miguu, jua na mvua. Mwenyewe alinisimulia. Lakini kibao cha mlangoni kiliandikwa Jethalal, na mteja akisifu chochote, mzee alijibu, "Ya baba hiyo." Kwao mwana mwenye adabu hasemi amepata; husema amepewa. Na kwetu Ujaluo vilevile, nani atasimama mbele ya watu atangaze kwamba babake alikufa mikono mitupu? Nilitaka aseme, na papo hapo nilitaka anyamaze. Hadi leo, nami nimeshamzidi umri, sijui siku ile niliombea nini.

Kutoka mbele tukamsikia Ramila akibishana bei na mama mmoja, kisha wote wawili wakacheka. Mzee akasikiliza mpaka kicheko kikaisha.

"Andika," akasema. "Baba hakunipa kitu."

"Hata mtaji kidogo?"

"Hakuna. Hata kuni ya kumchoma alipokufa, niliomba kwa watu."

Wakili akaandika, akamsomea, mzee akatia sahihi. Nami nikatia yangu. Ramila alikuwa amepata duka. Wakili alipokwenda kumpa habari, nilidhani mzee angalau atatabasamu. Lo! Alibaki kitini machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Oloo, mimi nimesema uongo?"

"Hapana, Bwana. Umesema ukweli mtupu."

"Ndiyo," akasema. "Na baba hayuko, ajitetee."