Kuku wa Mkono wa Kushoto

Kufikia saa nne asubuhi Nafula alikuwa amemfuta kuku yule mara tatu. Ukuta wa hoteli ya Mzee Ishaq ulipakwa rangi nyeupe jana, lakini katikati palishaingia doa la kijivu kwa sababu ya chaki na kitambaa chenye maji.

Mkono wake wa kulia ulitetemeka, na si kwa woga. Kifundo kilivunjika mwezi wa pili alipoanguka kutoka kwenye ngazi, na plasta ilipotolewa, mkono uliotoka mle ndani ulikuwa mwingine. Daktari wa mazoezi alimwambia bila kumzungusha: utashika kijiko, utashika ufagio, lakini mstari ulionyooka usiutarajie. Tangu hapo wenye maduka watatu walimtazama akichora, wakamshukuru kwa upole, wakaenda kuchapisha mabango ya plastiki. Ukuta huu ulikuwa wa mwisho. Ukimshinda, atarudi Kabras kupalilia miwa ya mjomba wake. Mjomba alikuwa anangoja jibu Jumapili.

"Fundi!" Hezekiah akaita. Huyu alikuwa mteja wa kila siku, mwenye kikombe kimoja cha chai kinachodumu hadi adhuhuri. "Huyo ni ingokho, kuku wa kwetu, ama ni chura amevaa koti?"

"Kunywa chai yako."

"Chai niliimaliza. Sasa nakula kwa macho, na macho yanakataa."

Nafula akakamua kitambaa. Hata kukasirika kunataka nguvu, na yeye alikuwa amelala vibaya miezi minne.

Alichotaka Mzee Ishaq hakikuwa kigumu. Kuku, sahani, ugali, na mvuke ukipanda, ili mtu aliye ng'ambo ya barabara ameze mate. Alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, alisimama kidogo mbele ya doa lile, akakohoa, akaenda zake. Nafula alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekisikia kwenye maduka yale matatu.

Akaihamishia brashi mkono wa pili.

Alizaliwa akishika kila kitu kwa kushoto. Alipokuwa na miaka sita, mama yake aliufunga mkono huo kiunoni kwa kipande cha leso, muhula mzima. "Huu ndio mkono wa kulia," mama alisema, akimwinulia ule mwingine, na Nafula, mashavu yakiwa yamelowa, alidhani ndiyo sababu unaitwa hivyo. Baadaye ndipo alipoelewa kwamba ni wa kulia chakula. Mkono huo ukajifunza kusalimia na kuandika, ukaenda chuo, ukaishika brashi miaka kumi na mmoja. Wa kushoto ulibaki na miaka yake sita.

Ndivyo ulivyochora. Kichwa kikubwa, miguu mirefu, jicho moja la mviringo lililokaa karibu na mdomo. Lakini kuku alikuwa anakimbia. Shingo imetangulia, mabawa yameachana na mwili, kidole kimoja tu ndicho kilichogusa ardhi.

Hezekiah aliweka chini kikombe chake kitupu. "Sasa huyo anakimbia nini?"

"Anakukimbia wewe."

Wateja wakacheka, na Nafula akashangaa kusikia na yeye amecheka. Kicheko kilikatika Mzee Ishaq aliporudi. Hakumtazama kuku. Alitazama vidole vya kushoto vilivyojaa rangi nyekundu.

"Binti, umechora kwa mkono gani?"

"Huu, Mzee."

"Hicho ni chakula. Nyumbani kwangu hata chumvi haipokezwi kwa kushoto. Watu wetu wa Mumias wakisikia ukuta wa Ishaq unapakua kwa kushoto, nani atanawa mikono hapa?"

"Nani atawaambia?"

Wote wakamgeukia Hezekiah.

"Mimi sisemi," akasema. "Lakini nikiulizwa siwezi kudanganya."

"Futa," Mzee Ishaq akasema. "Chora kwa kulia."

"Wa kulia hauwezi, Mzee."

Hakuwa amewahi kulisema hilo kwa sauti. Akaushikisha mkono huo brashi, akauinua wauone. Matone yakamwagika juu ya viatu vya Mzee Ishaq, na mzee hakuvivuta nyuma.

Mkewe, Zeituni, akatokea jikoni, unga umempanda hadi viwiko. "Baba Raisa, chapati ulizokula asubuhi nilizikanda kwa mkono gani?"

"Kukanda si kupakua."

"Haya. Na kuku mwenye manyoya, anayekimbia barabarani, ni chakula?"

Mzee Ishaq sasa akamtazama kuku. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayeamua kesi ya mpaka wa shamba.

"Hajachinjwa," akasema.

"Basi si chakula."

"Bado si chakula," akakubali. "Abaki. Lakini sahani, ugali na mvuke, hivyo kwa kulia."

Zeituni akaleta sahani ya bati, akaigandamiza ukutani, na Nafula akaizungushia brashi kwa mkono wa kulia. Ugali haukumsumbua, ugali haujawahi kudai mstari ulionyooka. Ulipofika mvuke akasita. Kisha kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili akaacha kuuzuia mkono. Ulipapatika, ukayumba, ukapanda ukijikunja, na mvuke ukatoka vile mvuke unavyotoka. Bega liliuma hadi shingoni.

Mzee Ishaq alivuka barabara, akasimama kule akiukabili ukuta. Lori la miwa likapita, likamficha, likamwachilia. Aliporudi alikuwa anapangusa mdomo.

"Kaka yangu aliye kule Matungu ana zizi la kuuza mbuzi," akasema. "Anataka ukuta."

"Mbuzi hai?"

"Hai kabisa. Ijumaa baada ya swala."

"Nitakuja na wa kushoto."

Ikabaki kutia jina pembeni, chini. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Nafula akaandika kwa kushoto, polepole. Mzee Ishaq akainama kusoma.

"Hii N umeigeuza."

"Najua."

"Huirekebishi?"

"Nimechoka, Mzee. Mkono huu uliachishwa kuandika ukiwa na miaka sita. Tuiache hivyo."