Blanketi Lisilo na Njia ya Kutokea

Usingizi wa mwenye wasiwasi hauna adabu. Ulimkuta Yanabah mchana kweupe, ameketi mbele ya blanketi alilokuwa akifuma. Asubuhi ile afisa wa serikali alifika kwake pamoja na mkalimani, Hoskie, mtoto wa dada yake. Eti malisho ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, yamechoka, mifugo ipunguzwe. Aweke dole gumba kwenye karatasi ya kukubali, jioni wataifuata. Mbuzi ndio maisha yake yote, jamani! Kwa kuchanganyikiwa akafunga ukingo wa blanketi pande zote nne, akasahau ule uzi mweupe ambao wafumaji wa kwao huupitisha kutoka katikati hadi nje, roho ya mfumaji isije ikafungiwa ndani ya kazi yake. Hakugundua. Akasinzia.

Akajiona katika nchi ya mchanga mwekundu. Njia panda amesimama Ahadi, bwana mnene, nguo safi, tabasamu halimtoki. Nyuma yake watu wanamrushia mawe mwanamke mkavu aitwaye Shaka, naye hasogei.

"Karibu, mama yangu," akasema Ahadi. "Huyo usimsikilize, hana shukrani."

Mh! Anayekukataza kusikiliza ana lake jambo. Yanabah alilijua hilo, lakini miguu ikamfuata Ahadi hadi nyumba ya Hifadhi, nyumba nzuri ajabu, kuta zake za sufu iliyofumwa. Ndani akawakuta wazee walioswagwa na askari hadi ngomeni enzi za bibi yake, wajawazito wakiachwa njiani. Na watoto walionyolewa nywele shuleni, wakakatazwa lugha ya mama zao. Wote walikuwa wameambiwa ni kwa faida yao.

"Wote hawa waliingiaje?" akauliza kwa hofu.

Shaka akajibu kutoka nje, sauti ikipenya sufu. "Wengine kwa bunduki, wengine kwa tabasamu. Mwanangu, uso wa mwenye nyumba hautakwambia kitu. Papasa kuta. Pa kutokea ni wapi?"

Yanabah akapapasa ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna mlango. Akapiga kelele, na kelele hizo zikamwamsha.

Mkono wake ulikuwa juu ya ukingo wa blanketi. Akaufuata kwa kidole, ukarudi ulipoanzia. Ndipo akaikunjua ile karatasi: nayo ilikuwa na mstari mweusi pande zote nne. Loo! Kumbe aliyepigwa mawe ndiye aliyempenda.

Walipofika jioni, alimuuliza Hoskie, "Mwanangu, nikijuta, humu natokea wapi? Mwulize bwana wako."

Hoskie hakumtafsiria afisa neno. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama mdogo, hakuna pa kutokea. Mama yangu aliweka dole jana. Leo tulipotoka hapa, wamewapiga risasi mbuzi wake wote bondeni, hata nyama wakamkataza."

Yanabah akamrudishia karatasi bila alama. Akaenda kufungua zizi, akawaswaga mbuzi wake kuelekea kwenye magenge ya miamba, na afisa akabaki anamfokea mkalimani wake.