Ng'ombe wa Januari

Idara yetu ya watoto wanaosomeshwa nyumbani ilikuwa na watu wawili. Doreen Askew alikwenda kuwatembelea watoto, na mimi, Clifford, nilibaki ofisini nikisoma ripoti na kulalamika. Watoto walikuwa mia moja na kumi na wawili, wametawanyika katika milima yote ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti vya kujaza ukuta, lakini wa kumfikia Doreen sijamwona. Nitaeleza kwa nini, ingawa habari yenyewe inaniaibisha.

Sheria ya kwetu inampa mzazi haki ya kumfundisha mtoto wake nyumbani. Afisa akibisha hodi, mzazi anaweza kumwambia asante, kwaheri. Akituma ripoti ya kuridhisha, basi, yameisha. Wengi wao ni wazazi wazuri wanaofanya kazi kubwa. Lakini wapo watoto wachache ambao wakishaondoka shuleni hakuna anayewatia machoni tena, si mwalimu, si muuguzi, si hata mpishi wa shule. Hao ndio waliomkosesha Doreen raha.

Kwa hiyo alijitungia utaratibu wake. Kila mtoto, siku yake ya kuzaliwa, alipata kadi yenye jina lake mwenyewe juu ya bahasha, si la mzazi. Ndani mlikuwa na swali moja: unaona nini kutoka dirishani kwako? Na bahasha ya kujibia, stempu imeshabandikwa. Mwaka nenda mwaka rudi, swali ni lilelile. Mimi ndiye niliyebandika stempu hizo, na nilinung'unika kila moja.

"Doreen, hawa watoto watadhani unataka kununua madirisha."

"We bandika tu. Ukimuuliza mtoto kama yuko salama, atakwambia ndiyo. Dirisha hajafundishwa kulisemea uongo."

Bryony Relph aliondolewa shuleni akiwa na miaka kumi. Baba alishakwenda zake. Mwalimu wake wa mwisho aliandika kwamba mtoto alikuwa akichelewa na akija na njaa. Basi tukaiweka faili yake juu mezani, tukasubiri. Ripoti ikaja, kurasa tisa: hesabu za sehemu, Warumi wa kale na ukuta waliojenga kwetu, namna ya kupika supu ya viazi na vitunguu. Chini yake sahihi ya mama, Lorna Relph. Niliipenda ripoti ile. Nilimsomea Doreen aya nzima kwa sauti, nikaandika "inaridhisha", nikapanga kuipeleka kabatini Ijumaa. Faili ikishaingia kabatini, haifunguliwi mpaka mwaka upite.

Jumatano ya wiki hiyo likaja jibu la kadi. Doreen alilisoma akiwa amesimama, akavua miwani, akanipa.

"Naona ng'ombe kumi na wanne wekundu wanakula majani," Bryony aliandika. "Mmoja ana doa jeupe usoni. Wanapendeza."

"Pazuri hapo," nikasema.

"Clifford, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne Januari."

"Na Januari ng'ombe wako wapi?"

"Mimi nitajuaje? Maziwa nayajua yakiwa kwenye chupa."

"Wako zizini, mtoto wa mjini wewe. Tangu Novemba, kwa ajili ya baridi. Mpaka Aprili hutaona hata mkia uwanjani. Angesema kondoo ningeamini, hao hukaa nje."

"Mtoto kabuni tu, Doreen."

"Mwenye dirisha habuni. Anachungulia." Alikuwa ameshavaa koti. "Inuka. Na wewe unakuja."

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia ya mawe, mgongo wake umeelekea malisho, na malisho yenyewe yalikuwa matope matupu. Saa tano asubuhi mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Huku kwetu pazia likifungwa mchana, ndani kuna msiba au kuna mgonjwa. Doreen alibisha. Kitundu cha barua mlangoni kikafunguka kidogo.

"Mama anaoga," sauti ya mtoto ikasema.

"Hamna shida, mwanangu. Nitamsubiri."

Kitundu kikafungwa, kikafunguka tena. Kisha: "Anasema anashukuru sana kwa kuja kwenu, ila ripoti tumeshaituma."

Ilikuwa sauti ya adabu, ya karani wa benki. Nikamnong'oneza Doreen kwamba tumekataliwa na sheria inatutaka tuondoke. Doreen, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwenye goti bovu, aliketi juu ya kizingiti chenye barafu, akafungua chupa ya chai, akamimina vikombe viwili. Kimoja akakisogeza mlangoni.

"Bryony, siingii bila kukaribishwa. Nina neno moja tu, la hao ng'ombe wako. Baridi yote hii wako nje? Watakufa hao."

Kitundu kikafunguka zaidi.

"Kwani hawako nje?"

"Wako zizini tangu Novemba. Pazia lilifunguliwa lini mara ya mwisho?"

Chai iliacha kutoa mvuke kabla hatujajibiwa.

"Oktoba. Mwanga unamuumiza Mama. Haamki."

"Na ripoti aliandika nani?"

"Mimi." Sauti ile ya karani ilianza kuvunjika. "Ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzuri kuliko zote mwaka huu. Muulize huyu hapa, aliisoma kwa sauti."

Nilitaka ardhi inimeze. Kurasa tisa nimezisifu, na sikujiuliza hata mara moja mkono ulioziandika ulikuwa na ukubwa gani.

"Mkinichukua," mtoto akasema, "nani atampa supu?"

Mimi ningemwambia usiogope, hakuna atakayekuchukua. Ningesema hivyo ili mlango ufunguke. Doreen hakusema hivyo.

"Hilo sitakuahidi, maana si langu peke yangu. Ninachokuahidi ni hiki: sitafanya lolote nyuma ya mgongo wako. Na mama yako anahitaji daktari, mwanangu. Supu umempa ya kutosha."

Mlango ukafunguka. Msichana mdogo, amevaa aproni ya mama yake inayofika kwenye vifundo vya miguu. Akachukua kile kikombe cha chai iliyopoa, akakinywa chote palepale. Ndipo akasema, "Karibuni."

Daktari alifika jioni ileile. Lorna alikuwa na ugonjwa wa huzuni, ule unaomlaza mtu asiweze hata kuinua kichwa. Palikuwa na mikutano saba ya kuamua mtoto akae wapi, na katika yote saba Doreen alipigania mama atibiwe na mtoto abaki naye, msaidizi awe anakuja kila asubuhi. Kila jambo alilokwenda kulisema humo, alimweleza Bryony kwanza. Wakubwa walichoka naye. Mimi niliandika kumbukumbu za mikutano, na nilijivunia kukaa karibu na kiti chake.

Januari iliyofuata nilibandika stempu ya Bryony bila kunung'unika. Jibu lilirudi baada ya siku nne. Doreen alilisoma, akanipa, akageukia ukutani kutafuta kitambaa.

"Naona uwanja mtupu. Ng'ombe wako ndani. Mama yuko nje, anaanika nguo."