Sanduku la Tatu

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Hawakueleza kama fisi huyo alikuwa na baba.

Melvy Terceros alikuwa naye. Alikuwa pia na mume, na kazi ya kukagua lifti katika mji wa Cochabamba, kazi ambayo alikuwa ameifanya miaka mingi pasipo mtu hata mmoja kuanguka. Kisha kampuni ikaamua kuifunga ofisi ya Cochabamba, na mkubwa wake, Mhandisi Ugarte, akampigia simu na kumpa habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

"Hufukuzwi, Melvy. Unachagua. La Paz au Santa Cruz, popote upendapo. Nipe jibu Jumatatu."

"Na nikichagua Cochabamba?"

"Cochabamba ndiyo tunayoifunga, mama. Ndiyo maana nimekupigia."

Melvy akashukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akakata simu.

Kama angekuwa peke yake duniani, jambo hilo lingemalizika kabla simu haijapoa. Kule La Paz kulikuwa na lifti kuukuu ya chuma yenye mlango wa kukunja, katika jengo lililoegemea mlima. Mtu aliingia kwa chini katika mtaa mmoja, akatokea ghorofa ya saba katika mtaa mwingine, na akina mama wa sokoni waliitumia kama barabara. Melvy alikuwa amepelekwa kuitengeneza zaidi ya mara moja. Lifti ile haikuwa na kompyuta. Ilipougua, fundi aliweka sikio ukutani na kusikiliza, na Melvy aliyajua manung'uniko yake kama mtu anavyoyajua ya shangazi yake. Santa Cruz, kwa upande wake, ilikuwa na minara mipya ya vioo na lifti zenye akili zao wenyewe. Zilipougua, zilizimwa, zikawashwa.

Basi moyo wa Melvy ulikuwa La Paz. Moyo wa baba yake ndio uliokuwa na matatizo. Daktari alikwisha kumwambia Mzee Casto kwamba moyo wake ungevumilia Cochabamba, na mahali popote palipo chini ya Cochabamba, lakini si juu yake. La Paz iko juu sana, milimani; Santa Cruz iko chini kabisa, kwenye joto. Mzee alimsikiliza daktari hadi mwisho, akamuuliza kama amekwisha kula, na tangu siku hiyo hakulizungumzia tena jambo hilo.

Siku ya simu ile ya Ugarte, mchana, walikaa mezani watatu, mbele ya supu ya karanga aliyoipika mzee mwenyewe, kama alivyofanya kila siku tangu alipofiwa na mkewe. Edil, mume wa Melvy, alikuwa mwalimu wa muziki, mtu aliyezoea kukubali mambo mapema ili apate muda wa kupumzika. Alikwisha kusema kwamba shule ziko kila mahali.

"Baba, na wewe useme," Melvy alisema. "Unaonaje?"

"Mimi naona supu inapoa."

"Baba."

"Haya. La Paz maji yanachemka kabla hayajapata moto. Kiazi kinatoka kigumu kama kilivyoingia. Santa Cruz wanakupa wali wenye jibini halafu wanakuambia umekula. Chagua mwenyewe, fundi ni wewe."

"Utakuja lakini?"

"Mzee huenda anakopelekwa," alijibu papo hapo, akanyoosha mkono na kuchukua mkate.

Melvy alimtazama. Katika kazi yake alijifunza kwamba lifti inayoitika upesi mno, kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe, ina hitilafu mahali. Lakini baba si lifti, na supu ilikuwa inapoa kweli.

Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza ya soko la Alasita, soko la vitu vidogo. Hapo huuzwa kila kitu ambacho binadamu hutamani, kikiwa cha ukubwa wa kiganja: nyumba, gari, shahada ya chuo, gunia la mchele, cheti cha ndoa. Saa sita mchana kitu hicho hufukizwa ubani, na kabla ya mwaka kwisha mwenye nacho hukipata kikiwa kikubwa. Masharti ni mawili. Mtu hajinunulii mwenyewe, hupewa. Na akishapewa, hakatai, kwa maana kukataa ni kumtukana Ekeko, yule mungu mfupi mwenye tumbo, anayevuta sigara na kubeba mizigo ya watu wote.

Kwa sababu hiyo Melvy aliwawekea watu wake sharti la tatu, asubuhi hiyo mlangoni.

"Leo mtu asinipe kitu chochote cha mji wowote. Nataka kuamua kwa akili."

"Akili nayo wanauza," Edil alisema. "Pale karibu na lango, upande wa kushoto."

Hawakuwa wamefika katikati ya soko Edil alipotoa nyumba mfukoni. Ilikuwa nyumba ya udongo, nyembamba, ya ghorofa saba, na nyuma yake ulifinyangwa mlima wenye theluji.

"Tulikubaliana nini?" Melvy aliuliza.

"Haijaandikwa mji. Ni nyumba tu."

"Na huu mlima?"

"Umekuja na nyumba."

Melvy akaipokea, maana haikataliwi. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Edil alimwona akiitazama, akampisha mbele kwa adabu ya mtu aliyekwisha kushinda.

Mzee Casto naye alikuwa amepotea kidogo kati ya vibanda. Alirudi na kifurushi cha gazeti, akamkabidhi binti yake. Ndani yake mlikuwa na sanduku la safari la bati, jekundu, lenye kufuli lisilozidi punje ya dengu.

"La safari," alieleza. "Safari si mji."

"Asante, baba."

"Haya. Shikeni nafasi kwenye foleni ya ubani. Mimi naenda kuona kama ile mishikaki ya moyo imeiva."

Foleni ilikuwa ndefu, na mfukizaji alikuwa bado anapuliza makaa yake. Melvy, ambaye kwa mazoea ya kazi hakuweza kushika kitu chenye mlango bila kukifungua, alilifungua sanduku. Ndani yake mlikuwa na sanduku jingine, la kijani. Alitabasamu. Kila mtu Cochabamba anajua kwamba masanduku ya Alasita huuzwa matatu matatu, moja ndani ya jingine, na lile la tatu, la mwisho kabisa, ni la manjano. Akalifungua la kijani.

Halikuwa na kitu.

Akaligeuza. Akalitikisa. Akaingiza ncha ya kidole na kupapasa pembe zote nne, kama anavyopapasa ndani ya sanduku la nyaya.

"Nishikie nafasi," alimwambia Edil, akaondoka.

Bi Fructuosa, muuza masanduku, alikuwa amekaa nyuma ya rundo la mali yake kama mtu anayesubiri treni. Alimwona Melvy kwa mbali.

"Mteja wangu! Mzee wako ametoka hapa sasa hivi tu."

"Bi Fructuosa, hili la kati halina mtoto."

"Si kalitoa mwenyewe? Kasema wanaosafiri ni wawili. Nikamwambia, Mzee Casto, seti haivunjwi, mimi hiki kitoto kisicho na mama nitamuuzia nani? Kasema, mpe mtu asiyekwenda mbali." Akakiinua kisanduku cha manjano, kidogo kuliko kiberiti. "Hiki hapa. Kinanitazama tangu aondoke. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua," Melvy alisema. "Sikuwa nimeona."

Bi Fructuosa akashusha sauti, ingawa kibanda cha jirani kilikuwa kinapiga tarumbeta.

"Kaniambia hivi: nikienda nao, mwanangu atachagua mji kwa ajili ya moyo wangu. Nisipoenda, atachagua kwa ajili ya moyo wake. Kasema hivyo, halafu kaniomba nimpunguzie bei."

"Ukampunguzia?"

"Kwa maneno kama yale? Ningefanyaje, mama? Nilikuwa nalia."

Melvy alisimama. Chini ya mkono wake wa kushoto alikuwa ameibana nyumba ya ghorofa saba, na mlima ulikuwa unamchoma ubavuni. Alifikiri juu ya lifti ya chuma. Alifikiri vilevile juu ya meza ya watu wawili, na nyingine, iliyobaki Cochabamba, yenye bakuli moja, na mzee akiliambia bakuli hilo kwamba supu inapoa. Jambo aliloliogopa kwa wiki nzima lilikuwa kumwambia baba yake, "Tumechagua La Paz, wewe ubaki." Mzee alikuwa amemwondolea kazi hiyo. Alikwisha kubaki, kimyakimya, kwa bei ya punguzo.

Kisha akaona, kati ya masanduku na vitambulisho vidogo, feni ya dari ya bati yenye mapanga manne. Mapanga yale hayakuzunguka.

"Hii feni ni ya nani?"

"Ya mtu wa joto. Nimekaa nayo miaka. Huku kwetu nani anataka feni?"

"Nifungie."

Bi Fructuosa hakuuliza. Aliifunga feni, akapokea noti, kisha akakiweka kisanduku cha manjano juu ya kifurushi, kwa sababu hakuna mfanyabiashara wa Cochabamba anayemwacha mteja aende bila nyongeza.

"Nyongeza yako. Kimbia sasa, kengele ya saa sita inakaribia."

Alimkuta baba yake amekwisha kurudi kwenye foleni, mshikaki mkononi, akimweleza Edil kwamba moyo wa ng'ombe hautaki haraka. Mfukizaji alikuwa watu wanne mbele yao. Melvy alitia feni ndani ya kisanduku cha manjano. Haikuenea, panga moja likachungulia nje. Akakisogeza mbele ya mzee kwa mikono miwili.

Mzee Casto alikitambua mara moja. Alikitazama kama mtu anavyomtazama mdai.

"Hicho nilikirudisha."

"Najua."

"Sikitaki."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yao, mwenye kofia nyeupe na gari la udongo kifuani, hakuweza kuvumilia.

"Wee mzee! Unakataa kitu cha Alasita, saa hizi, mbele ya moshi? Unataka sote tukose mwaka huu? Mimi nimebeba gari hapa!"

"Mama, hayakuhusu haya."

"Yananihusu, niko nyuma yako!"

Mzee alihamisha mshikaki mkono wa kushoto, akapokea kisanduku kwa wa kulia. Akaligusa panga la feni lililochungulia.

"Feni," alisema.

"Ndiyo."

"La Paz hawatumii feni."

"Hawatumii."

Foleni ikasogea mtu mmoja, nao wakasogea.

"Wewe unaipenda ile lifti ya chuma," mzee alisema. "Usinidanganye. Ukirudi kutoka kule unaongea habari zake wiki nzima. Mimi sikuomba mtu aache kitu kwa sababu yangu."

"Hukuomba. Ulijipunguza kwenye seti."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Baba, La Paz bila wewe nimekwisha kuiona, nimekaa nayo kichwani wiki nzima. Ni nzuri. Nashughulika na lifti yangu mpaka mchana, halafu mchana nakaa nikiwaza nani amekupikia."

"Mimi ndiye ninayepika."

"Ndiyo maana."

Mzee akala kipande cha moyo.

"Na nyumba yangu je?" Edil aliuliza.

"Inakuja nasi. Ila Santa Cruz hakuna mlima."

Edil aliichukua nyumba, akaigeuza, akatoa ufunguo mfukoni na kuanza kuukwaruza mlima. Theluji ilitoka kwa urahisi. Jiwe lilikuwa gumu zaidi, na kengele ya kanisa ilipogonga saa sita bado kulikuwa na kilima kilichobaki upande wa jikoni. Mfukizaji hakujali. Alizungusha moshi wa ubani juu ya nyumba, masanduku na feni, akanyunyiza pombe, akawatakia yote yatimie, akasema, "Anayefuata."

Jumatatu Melvy alimpigia simu Mhandisi Ugarte.

"Santa Cruz?" Ugarte alishangaa. "Mimi nilikwisha kuandika La Paz. Na ile lifti yako?"

"Mpeni mtu anayesikiliza," Melvy alisema. "Mwambieni mlango wa ghorofa ya nne hauvutwi. Kwanza unasukumwa kidogo, kama mtu anayetaka kuufunga, ndipo unafunguka. Akiuvuta kwa nguvu utakwama, na akina mama watapanda ngazi na mizigo yao."

"Nitaandika."

"Kuandika hakutoshi. Mwonyesheni."

Alikata simu, akabaki amekaa na mkono juu ya meza, kiganja chini, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho ndani ya ubao. Edil alipita mlangoni, akaona, akaenda kupasha maji bila kuombwa.

Mchana walipokaa kula, mzee alikuwa amekisimamisha kisanduku cha manjano kando ya chumvi. Alikuwa amekitazama tangu asubuhi, na uso wake haukuonyesha furaha.

"Hiki ni kidogo," alisema hatimaye.

"Ni mfano tu, baba."

"Najua ni mfano. Ukipewa kidogo, unakuja kupata kidogo. Sufuria yangu ya supu haitaingia humu."

"Sufuria itasafiri na vyombo vingine, kwenye lori."

"Na mwiko?"

"Na mwiko."

Mzee akakisogeza kisanduku mbali kidogo na mvuke, akachota supu, akampa binti yake kwanza.

"Kuleni basi," alisema. "Huko kwenye joto lao, sijui kama itakuwa inapoa hata kidogo."