Chumba Anafungua Mkubwa

Mzee Nurdini alikuwa bingwa wa mpira wa simu hapa Dodoma miaka miwili, na mimi nilikuwa wa pili miaka hiyo hiyo. Yeye ni mstaafu wa reli, ana miaka sitini na minne, anakaa Zuzu. Mimi nauza karanga na ufuta Majengo, na nina hasira za karibu. Hilo nalisema mapema.

Mchezo wetu haukuwa na seva. Simu mbili zinaungana zenyewe: mmoja anafungua chumba, mwenzake anaingia, na mechi nzima inaendeshwa na simu ya aliyefungua. Yeye akibonyeza, mpira unakwenda hapo hapo. Wewe ukibonyeza, amri yako inasafiri kwanza mpaka kwenye simu yake, na ikifika, beki wake ameshaondoa mpira. Ni kuchelewa kidogo tu, kama kupepesa jicho, lakini mechi unapoteza.

Klabu nyingine hurusha shilingi kuamua nani afungue. Sisi siku ya kwanza tulimwamkia Mzee, akaitikia marahaba, kisha katibu wetu Bupe akamwambia afungue yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Nani angebisha? Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mzee akashinda, akashinda tena, akaanza hata kutupa ushauri. Mimi aliniambia vidole vyangu ni vizito, nijifunze kutulia. Jamani! Nikameza, nikasema asante baba.

Mwaka huu nafasi ya mkoa kwenye fainali za taifa ilikuwa moja, na niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti. Ndipo waandaaji wakatuma ujumbe kwamba mechi ya kuamua itachezwa kwenye seva: mashine ya katikati, si ya mchezaji yeyote, hakuna wa kumtangulia mwenzake. Bupe aliusoma mbele ya wote kwa sauti ya ofisini. Watu wakatazama viatu vyao. Mzee akasema kwake ni sawa tu, mpira ni mpira.

Bupe akanivuta pembeni akaniomba nimdokeze Mzee kabla ya mechi kwamba anayefungua chumba hupata nafuu. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu mimi ndiye sina aibu. Basi sikumdokeza. Nilitaka nimfunge kwanza, maelezo yaje baadaye.

Tulikaa mezani uso kwa uso. Kufikia mapumziko nilikuwa nimefunga mabao matatu. Mzee akaifuta simu kwa shati, akabadilisha kiti, akauliza kama mtandao una shida. Bupe akasema hauna. Mechi ikaisha saba kwa sifuri na nafasi ikawa yangu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilifurahi mpaka nilipomtazama.

“Yule anayefungua chumba,” aliniuliza, “ndiye anayepata nafuu?”

“Ndiyo, baba.”

“Na wote mlijua.”

Nilichezea kifuniko cha simu yangu.

“Kwa hiyo miaka miwili yote mlikuwa mnaniamkia tu.”

Roho iliniuma kuliko siku zote alizonifunga. Bupe akaanza maelezo marefu, Mzee akamwashiria akae. Akaniambia tucheze nyingine, ya zamani, bila seva, na chumba nifungue mimi. Nikasema haifai, yeye ndiye mkubwa.

“Fungua, Yusra. Nataka kuona ulichokuwa unakiona wewe.”

Nikafungua. Akabonyeza, mpira ukachelewa, beki wangu akawa ameshaufikia. Akabonyeza tena, ikawa vile vile. Kuna mara moja nilimwachia apite makusudi, akanikazia macho, sikurudia. Nilimfunga tisa. Mechi ilipoisha alikitazama kidole gumba chake kwa muda, akaweka simu mfukoni, akaniambia vidole vyangu si vizito.